Mbwa Hana Kisu

Nashukuru kupewa ukurasa katika jarida la chama chetu cha Kiswahili. Kuna jambo ambalo limenikaa moyoni tangu muhula uliopita, na wahenga walisema mficha uchi hazai. Leo nimeamua kulitoa.

Mtakumbuka kwamba chama chetu kilifanya mjadala wenye hoja hii: "Mbwa wote wanaorandaranda shuleni wauawe." Watetezi wa hoja walishinda kwa kura nyingi mno. Mwenzetu mmoja wa Kidato cha Tatu alisimama akasema, "Hizo mbwa ndizo zinatuletea ugonjwa wa tumbo. Zipewe sumu, maneno yaishe!" Ukumbi mzima ukapiga makofi hadi mabati yakatikisika. Mimi nilikuwa miongoni mwa wapinzani. Nilipopewa nafasi nilisema maneno mawili matatu, kisha nikaketi. Nilikuwa na mengi ya kusema ila aibu ilinishika. Baada ya hapo nikasikia kwamba hoja ile imepelekwa kwa uongozi wa shule kama ombi la wanafunzi. Ndipo nikaona kwamba nikiendelea kunyamaza nitakuwa nimelipigia kura jambo nisiloliamini.

Kwanza tuuelewe huo "ugonjwa wa tumbo". Jina lake ni haidatidi. Huletwa na tegu aitwaye Echinococcus granulosus. Tegu huyu si yule wa mita kadhaa tunayemsoma katika Biolojia, anayetokana na nyama ya ng'ombe isiyoiva vizuri. Huyu ni mdogo ajabu, urefu wake ni kama milimita 3 hadi 6 tu, na huishi ndani ya utumbo wa mbwa. Mbwa mmoja aweza kuwa na maelfu yao, naye asionyeshe dalili yoyote ya ugonjwa. Mayai ya tegu hutoka pamoja na kinyesi cha mbwa. Ni madogo kiasi kwamba huwezi kuyaona bila hadubini. Mbuzi, kondoo, ngamia au ng'ombe akila majani yaliyochafuliwa, au akinywa maji yenye mayai hayo, yai huanguliwa tumboni mwake. Mdudu aliyemo hupenya ukuta wa utumbo, huingia katika damu, kisha hutua kwenye ini au mapafu. Hapo hujijengea kifuko cha maji kinachokua polepole. Mbwa akila kifuko hicho, vichwa vidogo vya tegu vilivyomo hujishikiza utumboni mwake, na baada ya wiki sita au saba huwa tegu kamili wanaotaga mayai. Mzunguko huanza upya.

Mtu naye hupatwa kama mbuzi apatwavyo: kwa kumeza yai. Hapa wengi wetu hukosea. Ukila ini lililokuwa na kifuko, hilo halikupi haidatidi. Ukilala chumba kimoja na mgonjwa, hakuambukizi. Kinachokupa haidatidi ni yai lililotoka kwa mbwa. Tena kifuko chaweza kukua mwilini mwako kwa miaka mingi bila maumivu yoyote, na siku utakayokigundua utakuwa umekwisha sahau ulikuwa wapi na ulikula nini ulipolimeza.

Sasa niseme kilichonitia aibu. Mimi ni mzaliwa wa Kalemng'orok, kando ya ile barabara itokayo Kitale kwenda Lodwar, kati ya Kainuk na Lokichar. Nilipokuwa na umri wa miaka tisa, kazi yangu siku ya kuchinja ilikuwa ni kumshika mbuzi miguu. Siku moja baba mkubwa alimpasua mbuzi akakuta ini lina malengelenge mawili meupe, makubwa kama mayai ya njiwa, yamejaa maji maangavu. Akalikata pande hilo akanipa, akasema, "Hii haifai mtu. Mpe mbwa." Nikampa. Tena nilimpa kwa furaha, kwa sababu mbwa yule nilimpenda sana. Alikuwa mbwa wa kahawia mwenye sikio moja lililochanika. Usiku alilala mlangoni mwa kibanda cha mama mdogo, na mtoto wa mama mdogo alipojisaidia, yeye ndiye aliyemsafisha kwa ulimi.

Baada ya miaka kadhaa mama mdogo alianza kuvimba chini ya mbavu, upande wa kulia. Wengine walisema ana mimba. Miezi tisa ilipopita na mtoto asionekane, wakasema amerogwa, wakamwita emuron aje kutazama. Mwishowe alipelekwa hospitali, akapigwa picha ya ultrasaundi, kikaonekana kifuko kikubwa kama kichwa cha mtoto kimekaa juu ya ini. Akafanyiwa upasuaji. Namshukuru Mungu, alipona. Lakini hadi leo hawezi kubeba mtungi wa lita ishirini kama zamani, na kwetu mwanamke asiyeweza kubeba maji huhesabiwa kuwa nusu mtu. Hilo nalo ni jambo la kusikitisha, ila tuliache kwa siku nyingine.

Siwezi kuapa kwamba yai lililomwingia lilitokana na ini nililolitupa mimi. Hakuna daktari awezaye kusema hivyo. Ninachojua ni kwamba mbwa yule hakuchinja mbuzi. Mbwa hana kisu.

Turkana yetu imejulikana duniani kwa ugonjwa huu, na hiyo si sifa ya kujivunia. Uchunguzi uliofanywa kaskazini-magharibi mwa Turkana na kuchapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulionyesha kwamba huko wagonjwa wapya waliweza kufikia 220 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Hicho kilikuwa miongoni mwa viwango vya juu kabisa ulimwenguni. Kwetu kusini hali haikuwa mbaya hivyo, lakini ugonjwa ulikuwako na ungaliko. Mwaka wa 1983 shirika la AMREF lilianzisha mradi wa kuudhibiti. Madaktari walikwenda na mashine za ultrasaundi hadi manyatani, wakawapima watu chini ya miti. Mbwa walipewa dawa ya prazikwanteli ya kuwaua tegu. Wagonjwa wengine walifanyiwa upasuaji, wengine walipewa vidonge vya albendazole, na baadaye wengine walitolewa maji ya kifuko kwa sindano. Kazi hiyo ilizaa matunda na ugonjwa ulipungua. Lakini kupungua si kwisha.

Basi swali ni hili: yai hutokaje kwa mbwa hadi kinywani mwa mtu? Wengi hudhani kwamba huja na vumbi la jangwa, kwamba nchi yote imejaa mayai, na kwa hiyo hatuna la kufanya ila kuua mbwa au kumwachia Mungu. Hata mimi niliamini hivyo, mpaka mwalimu wetu aliponisimulia kuhusu utafiti uliochapishwa mwaka wa 1991 na Wachira, Macpherson na Gathuma. Walitaka kujua yai likishatoka kwa mbwa huishi muda gani katika nchi kavu kama Turkana. Wakayaweka mayai mahali mbalimbali, kisha wakayapima. Yaliyoachwa nje penye jua kali hayakudumu ila saa chache. Yaliyowekwa ndani ya kibanda yalidumu kama siku mbili. Na yaliyowekwa katika maji ya kisima yalidumu zaidi ya siku kumi.

Wenzangu, hebu tulitafakari jambo hilo. Jua hili tunalolilaani kila siku tukiwa gwaride ni dawa! Lile jangwa kubwa lililo wazi, ambalo wageni hulipiga picha na kulisikitikia, si makao ya yai. Likitua pale hukauka likafa. Yai hudumu kivulini, kibandani, majini, na ndani ya manyoya ya mbwa. Na sisi tunakaa wapi? Palepale! Katika nchi yenye jua kama hili, mtu, mbuzi na mbwa wote hukimbilia chini ya mti mmoja wa ewoi. Wote hunywa kwenye kisima kimoja kilichochimbwa katika mchanga wa laga. Wote hulala palepale penye ubaridi kidogo. Hivyo yai halihitaji kusafiri mbali kututafuta. Kikulacho ki nguoni mwako.

Watafiti hao waliangalia pia hali ya Umaasaini. Kule kuna baridi na unyevu zaidi, na mayai hudumu muda mrefu kuliko yanavyodumu kwetu nje juani. Kama hali ya nchi pekee ndiyo ingekuwa sababu, Wamaasai wangeugua kutushinda. Mambo yalikuwa kinyume: wagonjwa walikuwa wengi zaidi Turkana. Tofauti ilitokana na jinsi watu na mbwa wanavyoishi karibu karibu.

Yai halina miguu wala mabawa. Hubebwa. Mbwa hujiramba nyuma, halafu humramba mtoto usoni, au hutia ulimi katika sufuria. Mtoto humkumbatia mbwa, kisha hula bila kunawa. Mama hufagia kinyesi kwa mkono, kisha hukamua mbuzi. Kwato na viatu hukikanyaga wakati wa kwenda kisimani. Nzi hutua juu yake, kisha hutua kwenye chakula. Mvua nayo, ikikumbuka kunyesha, hukisomba hadi majini. Ndiyo maana akina mama na watoto wako hatarini zaidi, kwa kuwa wao ndio wanaokaa na mbwa, moto na maji kutwa nzima.

Hapa nataka tuwe waangalifu. Nimesikia baadhi yetu tuliosoma tukiwacheka mama zetu, ati ni wachafu, ati wanaachia mbwa watoto. Wewe unayecheka, umewahi kubeba mtungi kichwani kutoka laga kwa muda wa saa nzima? Maji hayo ni ya kunywa, ya kupika na ya kuwapa wana-mbuzi. Mama anayepiga hesabu ya kila kikombe huona mbwa amemsaidia kazi. Ukitaka mama aache kumtumia mbwa, mpe maji karibu. Mengine ni kelele tu.

Turudi kwenye hoja ya kuua. Wenzangu walioshinda mjadala walikuwa na jambo moja la kweli, nami silikatai. Mbwa wengi wasio na mwenyewe ni hatari, na idadi yao yafaa kupunguzwa. Kazi hiyo ifanywe na maafisa wa mifugo, kwa kuwahasi na kwa njia nyingine za halali. Lakini sumu itatusaidia nini? Kwanza, mbwa wanaokuja hapa shuleni hawaletwi na upepo. Wanafuata mapafu na maini tunayoyatupa nyuma ya jikoni kila tunapochinja. Ua hawa leo, na kabla muhula haujaisha watakuja wengine kutoka sokoni, wenye njaa ile ile na tegu wale wale. Pili, mayai yaliyokwisha angukia kivulini na majini hayafi kwa sababu mbwa amekufa. Tatu, sumu haichagui. Inaweza kumpata mbuzi, kunguru, hata mtoto wa jirani. Nne, nyumbani mbwa ndiye askari wetu. Sisi wa Kalemng'orok tunajua maana ya mbwa kubweka saa nane za usiku. Huenda ni mbweha, huenda ni fisi, na huenda ni watu wenye bunduki waliokuja kuchukua mifugo. Ukimwambia mzee wa kwetu aue mbwa wake wote, atakuuliza kama wewe ndiye utakayekesha.

Kuna walioushinda ugonjwa huu kabla yetu. Iceland ni nchi ya barafu iliyo mbali sana na sisi, lakini watu wake walikuwa wafugaji wa kondoo, nao waliishi na mbwa nyumba moja wakati wa baridi kali. Katika karne ya 19 haidatidi iliwatesa vikali. Mwaka wa 1863 mtaalamu kutoka Denmark aitwaye Harald Krabbe alikwenda huko, akawapasua mbwa 100, akawakuta 28 wana tegu huyu. Mwaka uliofuata kikatolewa kijitabu alichokiandika, kikasambazwa majumbani. Kilieleza kwa lugha yao jinsi tegu anavyopita kutoka kwa kondoo hadi kwa mbwa hadi kwa mtu, na kwamba viungo vyenye vifuko visipewe mbwa. Watu wale walikuwa na desturi ya kusomeana usiku wa baridi, basi wakakisoma. Baadaye zikaja sheria za mbwa za mwaka 1869 na 1890. Ni kweli kwamba mji mkuu wao, Reykjavík, ulipiga marufuku ufugaji wa mbwa mwaka wa 1924. Lakini kule mashambani mbwa wa kondoo walibaki, na ugonjwa ukatoweka hata huko. Watu walijifunza cha kufanya na ini.

Je, sisi tunashindwa na nini? Lugha tunayo, wasomaji tunao, na jua tumepewa bure. Napendekeza mambo manne, nayo yote yako ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, lichimbwe shimo refu lenye kifuniko karibu na mahali pa kuchinjia. Kila kiungo chenye kifuko kitiwe humo au kichomwe moto kikaisha. Anayetaka kumpa mbwa matumbo na ayachemshe kwanza nusu saa nzima. Nyumbani vilevile, mbuzi aliyekufa kwa ukame asiachiwe mbwa. Azikwe au achomwe.

Pili, shule ibaki na mbwa wawili tu wa ulinzi, wenye mlezi anayejulikana. Wapewe prazikwanteli kwa ratiba, kama tunavyopewa sisi ratiba ya mitihani. Nimekwisha sema kwamba tegu huchukua wiki sita au zaidi kukomaa. Mbwa akipewa dawa kila wiki sita, tegu hufa kabla hajataga. Kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2010, huduma za mifugo, vichinjio na leseni za mbwa ni kazi ya serikali za kaunti. Basi tuandike barua kwa Kaunti ya Turkana tuombe daktari wa mifugo. Barua rasmi tumefundishwa kuandika tangu Kidato cha Kwanza. Tunangoja nini?

Tatu, mapipa ya maji ya kunywa yafunikwe, na pawe na maji na sabuni mlangoni mwa bwalo. Asitokee mtu akasema dawa ya kuua vijidudu inatosha, kwa maana yai la tegu huyu lina ganda gumu, na dawa nyingi za kawaida haziliwezi. Linaogopa moto, jua na ukavu. Kunawa huliondoa, na kuchemsha huliua.

Nne, na hili ni letu wanachama: tuandike karatasi moja, kwa Kiswahili na kwa Kiturkana, yenye picha ya mbuzi, mbwa na mtu, na mishale ya kuonyesha njia ya yai. Kila mmoja wetu aende nayo likizoni. Wengi nyumbani hawasomi, lakini wanasikiliza vizuri kuliko sisi darasani. Tuwasomee jioni, kabla ya kulala, katika kila awi tunayotoka, kuanzia Kainuk hadi Lodwar, na kutoka Lodwar hadi Kakuma na Lokichoggio.

Likizo iliyopita nilianza mwenyewe. Mbuzi alichinjwa, na baba mkubwa akakuta tena ini lenye lengelenge. Akalikata, akatupa macho kwa mbwa. Nikamwambia, "Baba, nipe mimi." Akashangaa, akaniuliza kama huko shuleni tunakufa njaa kiasi hicho. Nikamweleza kuhusu tegu, kisha nikamkumbusha tumbo la mama mdogo. Alinyamaza kwa muda mrefu. Halafu akalitia lile pande motoni yeye mwenyewe, akalisukuma kwa fimbo mpaka likawa mkaa. Mama mdogo alikuwa ameketi pale pale. Hakusema neno, lakini alisogea akaongeza kuni.

Kwa hayo machache, naomba mjadala ule urudiwe. Safari hii nitasimama wa kwanza, nami sitaketi kabla kengele haijalia.

Ni mimi mwanachama wenu,
Kidato cha Nne